Jimmy Smith na kinanda cha Hammond B-3: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali kuhusu maisha ya Jimmy Smith, mpapasa kinanda wa jazi ya soul kutoka Pennsylvania, Marekani, na kuhusu chombo alichokipiga. Tumeyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa sababu mengi aliyoyafanya hayaeleweki mpaka ujue kinanda chenyewe kinavyofanya kazi.

Jimmy Smith ni nani hasa?

Jina lake kamili ni James Oscar Smith. Ndiye aliyekifanya kinanda cha Hammond kiwe chombo kamili cha jazi ya kisasa. Mkono wake wa kulia ulipiga solo kwa kasi na lugha ya saksafoni ya bibopu, ile jazi ya mbio ya miaka ya 1940. Mkono wa kushoto ulitembeza besi, mguu wa kushoto ukaigongea, na mguu wa kulia ukaongoza ukubwa wa sauti. Yote hayo aliyafanya mtu mmoja kwa wakati mmoja, bila mdundo kuyumba hata kidogo. Wapapasa kinanda wa jazi waliomfuata walianzia pale alipofika yeye, wakikubali njia yake au wakitafuta ya kuikwepa.

Alizaliwa lini, na wapi?

Norristown, mji mdogo karibu na Philadelphia, tarehe 8 Desemba. Kuhusu mwaka, utakuta vitabu na majalada ya santuri yakitaja 1925 na mengine 1928. Usishangae ukiona umri wake unatofautiana kutoka chapisho moja hadi jingine.

Alianza na kinanda tangu utotoni?

Hapana, alianza na piano. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na akiwa bado mtoto alikuwa akipanda jukwaani na baba yake kuimba na kucheza. Akiwa na miaka tisa alishinda shindano la vipaji la redio mjini Philadelphia kwa kupiga piano mtindo wa bugi-wugi. Baadaye alitumikia jeshi la majini, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akarudi darasani kusoma muziki, ikiwemo katika shule ya Ornstein huko Philadelphia. Kati ya 1951 na 1954 alipiga na bendi za ridhimu na bluzi mjini humo, hasa ya Don Gardner.

Kilichombadilisha ni kumsikia Wild Bill Davis akipiga Hammond. Smith alinunua kinanda chake, akakiweka kwenye ghala alilolikodi, akajifungia humo kwa takriban mwaka mmoja akijifunza. Alipotoka tayari alikuwa na mtindo wake. Inafaa kulizingatia hilo: piano aliijua vizuri, lakini pedali, droba (vijiti vya kuvuta vinavyochanganya sauti) na besi ya mkono wa kushoto vilimdai mwaka mzima wa kazi ya kila siku.

Hakukuwa na wapiga Hammond wa jazi kabla yake?

Walikuwapo. Fats Waller alirekodi kwa Hammond, Count Basie aliigusa, na Wild Bill Davis, Bill Doggett na Milt Buckner walikuwa mabingwa. Ila wengi wao walikipiga kinanda kana kwamba ni bendi kubwa nzima, kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nene za vidole vyote zinazonguruma kama safu ya tarumbeta. Smith akapunguza droba, akaacha sauti nyembamba yenye ncha, kisha akapiga mistari ya noti moja moja kama mpiga saksafoni Charlie Parker. Masikioni mwa watu wa 1956 hicho kilikuwa kitu kipya kabisa.

Kinanda cha Hammond kinatoaje sauti?

Hakina mabomba, na hakikutengenezwa kwa saketi za kielektroniki za kuzalisha sauti kama vinanda vya siku hizi. Laurens Hammond alikileta sokoni mwaka 1935. Modeli ya B-3 ilianza mwaka 1954 na kuendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1970. Ndani ya B-3 kuna magurudumu 91 ya chuma yenye meno, yanayozungushwa na mota moja. Kila gurudumu hupita karibu na ncha ya sumaku iliyozungushiwa waya, na meno yake yanapopita huzalisha umeme mdogo wenye mawimbi ya noti moja. Gurudumu lenye meno mengi, au linalozunguka haraka zaidi, hutoa noti ya juu zaidi.

Juu yake kuna safu mbili za vitufe 61 kila moja, na chini pedali 25 za miguu. Chini ya kila kitufe kuna viunganishi tisa vya umeme, kimoja kwa kila droba. Ukibonyeza, viunganishi hivyo havigusi kwa wakati mmoja, vinatofautiana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na hapo ndipo unapotoka ule mlio mkavu wa "tk" mwanzoni mwa noti. Kiwandani waliuona ni kasoro, wakajitahidi kuupunguza. Wapigaji wa jazi waliupenda, maana ndio unaoipa noti makali na kuifanya besi isikike kama kidole kinachovuta uzi.

Droba ni nini, na yeye aliziwekaje?

Droba ni vijiti vya kuvuta vilivyo juu ya vitufe. Kila seti ina tisa, na kila kimoja kina alama kuanzia 0 hadi 8. Kila droba huongeza sauti moja juu ya noti unayoibonyeza. Kutoka kushoto kwenda kulia ni futi 16, 5⅓, 8, 4, 2⅔, 2, 1⅗, 1⅓ na 1. Futi 8 ni noti yenyewe, futi 16 ni oktavu moja chini yake, futi 4 oktavu moja juu. Mbili za kwanza ni za kahawia, nyeupe ni za oktavu, nyeusi ni zile zinazotia rangi.

Mpangilio unaotambulika na jina la Smith ni huu, kwa safu ya juu:

- droba 88 8000 000, yaani tatu za kwanza zimevutwa hadi mwisho na zilizobaki zimefungwa
- perkasheni (mlio mfupi wa kugonga mwanzoni mwa noti) imewashwa, ya haraka, harmoniki ya tatu
- vibrato-kwaya (mtikisiko wa sauti) kwenye alama ya C-3, au imezimwa kabisa ukitaka sauti kavu zaidi

Safu ya chini, kwa besi ya mkono wa kushoto, anzia 83 8000 000. Ikinguruma hadi noti hazitofautiki, punguza futi 16 hadi 6. Pedali zina droba mbili tu, futi 16 na futi 8. Zisizidi 5 kila moja, la sivyo mguu utaumeza mkono.

Nimeweka droba sawasawa lakini perkasheni haisikiki. Kwa nini?

Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi. Kwanza, upande wa kushoto wa kila safu kuna vitufe 12 vya rangi zilizogeuzwa, ambavyo huchagua sauti zilizopangwa tayari. Viwili vya mwisho, A kali na B, ndivyo vinavyokupa droba. Perkasheni hufanya kazi kwenye safu ya juu tu, na ni lazima kitufe cha B kiwe ndicho kilichobonyezwa. Ukiwa kwenye A kali hutaipata hata ukihangaika usiku kucha.

Pili, perkasheni hulia kwenye noti ya kwanza tu, kisha husubiri uachilie vitufe vyote vya safu ya juu ndipo ilie tena. Ukiunganisha noti kama unavyozoea kwenye piano, itasikika mara moja na kupotea. Msikilize Smith kwa makini: anapotaka kila noti iwe na ncha, huinua kidole kabisa kabla ya noti inayofuata. Anapotaka mstari uteleze, huunganisha noti kwa makusudi ili perkasheni inyamaze. Kwa njia hiyo aliligeuza tabia ya mashine kuwa namna ya kutamka sentensi.

Tatu, perkasheni ikiwa imewashwa, droba ya mwisho ya futi 1 hunyamaza. Hilo si tatizo la kutafutia fundi; kinanda kimeundwa hivyo, kwa kuwa perkasheni huazima njia ya droba hiyo.

Besi inapigwa kwa miguu au kwa mkono?

Hili ndilo swali linalozua ubishi mwingi. Katika nyimbo za mwendo wa kati na wa haraka, mstari wa besi unaousikia kwa Smith hutoka mkono wa kushoto kwenye safu ya chini. Mguu wa kushoto hugusa pedali kwa mguso mfupi sana, mara nyingi ukirudia pedali ileile au zilizo karibu, ili kuongeza kishindo mwanzoni mwa noti. Sikio huunganisha vitu hivyo viwili na kusikia gitaa la besi la mbao. Katika nyimbo za taratibu alipiga besi nzima kwa mguu, na mkono wa kushoto ukawa huru kushika kodi.

Anayejaribu kupiga kila noti ya besi kwa mguu kwenye bluzi ya haraka huchelewa, na mpiga drams naye huvutwa nyuma. Ukikosea hapa, trio nzima inaporomoka hata kama solo yako ni tamu.

Nianzeje kujifunza?

Anza na mkono wa kushoto peke yake, kwa bluzi ya vipimo 12 katika F, mapigo manne kwa kipimo, metronomu kwenye 80. Kipimo cha kwanza piga F, A, C, B. Hiyo B iko nusu toni juu ya B flati, hivyo inakusukuma kuingia kipimo cha pili, ambacho unaweza kupiga B flati, A flati, G, G flati, kisha unatua F. Kanuni ya kuanzia ni hiyo: pigo la kwanza ni mzizi wa kodi, pigo la nne liko nusu toni juu au chini ya mzizi unaokuja. Noti zishikane bila mwanya, lakini zisilaliane. Zikilaliana kwenye Hammond utasikia matope, kwa sababu noti haififii mpaka uiachilie.

Kaa hapo mpaka uweze kupiga vipimo 12 mara kumi mfululizo huku unaongea na mtu. Kisha ongeza mguu wa kushoto, ncha ya kiatu tu, kwenye pigo la pili na la nne. Vaa kiatu chembamba chenye soli laini, maana raba nene hukanyaga pedali mbili. Mguu wa kulia hukaa muda wote kwenye pedali ya sauti, nao lazima ujifunze kutotikisika na mdundo. Wanaoanza huikanyaga kila pigo bila kujua, na muziki unapanda na kushuka kama mtu anayehema.

Mkono wa kulia uje mwisho, kwa vifungu vifupi vya noti nne au tano, kisha kimya. Baadaye jaribu mbinu yake maarufu: kidole kidogo kinashikilia noti moja ya juu kwa vipimo vingi huku vidole vingine vinaendelea na mazungumzo chini yake. Piano haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa noti yake hufa.

Spika ya Leslie ina kazi gani?

Ndiyo inayoizungusha sauti. Leslie ilibuniwa na Don Leslie, nje ya kampuni ya Hammond, na Laurens Hammond mwenyewe hakuipenda. Ndani ya kabati la mbao, sauti za juu hupita kwenye honi inayozunguka. Utaona honi mbili, lakini moja tu ndiyo inayotoa sauti, ya pili ni ya kusawazisha uzito. Sauti za chini hutoka kwenye spika ya inchi 15 iliyoelekezwa chini, juu ya ngoma inayozunguka. Mgawanyo wa sauti za juu na za chini uko kwenye Hz 800. Honi ikiwa kasi hufika takriban mizunguko 400 kwa dakika.

Leslie za miaka ya 1950 zilikuwa na mwendo mmoja: zinazunguka au zimesimama. Mwendo wa polepole ulikuja miaka ya 1960. Kwa hiyo ukitaka sauti ya rekodi zake za mwanzo kwenye kinanda cha kidijitali, simamisha honi kabisa, kisha washa kasi kwenye kilele cha solo tu. Kuacha Leslie izunguke kasi kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo ni kosa linalochosha sikio upesi.

Alipataje mkataba, na alirekodi wapi?

Alfred Lion wa lebo ya Blue Note alimsikia, akavutiwa mno, akamsainisha mwaka 1956. Ndani ya miaka saba hivi alimrekodi karibu mara arobaini, mara nyingi vipande kadhaa virefu kwa kikao kimoja. Fundi mitambo alikuwa Rudy Van Gelder, kwanza Hackensack, New Jersey, katika nyumba ya wazazi wake, kisha kuanzia 1959 katika studio yake ya Englewood Cliffs. Humo kulikuwa na kinanda cha Hammond C-3, ndugu wa B-3.

Mfano mzuri wa kasi ya kazi hiyo ni tarehe 25 Aprili 1960. Smith aliingia studio na Stanley Turrentine kwenye saksafoni, Kenny Burrell kwenye gitaa na Donald Bailey kwenye drams. Siku hiyo moja ilitoa albamu mbili kamili, *Midnight Special* na *Back at the Chicken Shack*, ya pili ikitoka 1963. Kwa anayeanza, hatuna pendekezo bora kuliko wimbo wenye jina la hiyo ya pili. Ni bluzi ya mwendo wa kutembea, hakuna anayeharakisha, na besi inasikika wazi. Usikilize mara ya kwanza ukifuata mkono wa kushoto tu. Mara ya pili fuata Bailey, uone namna asivyomwingilia.

Ilikuwaje akahamia lebo ya Verve?

Mwaka 1962 alianza kurekodi na Verve, ambako alipewa bendi kubwa na wapangaji wa muziki kama Oliver Nelson na Lalo Schifrin. Toleo lake la "Walk on the Wild Side" la mwaka huo lilifika nafasi ya 21 kwenye chati ya nyimbo 100 za Billboard, jambo adimu kwa mpiga kinanda wa jazi. Schifrin alipata Grammy kwa utunzi wa "The Cat", wimbo uliobeba albamu ya Smith ya 1964. Mwaka 1966 alirekodi na mcharazaji gitaa Wes Montgomery.

Wapo wanaoziona rekodi hizi kuwa za kibiashara mno. Sisi tunaona vipande vya Nelson vina thamani ya kweli, hasa pale tarumbeta zinaponyamaza ghafla na kumwacha Smith na gitaa na drams. Hata hivyo, moyo wa kazi yake uko kwenye trio.

Kwa nini trio ya kinanda, gitaa na drams ilishamiri hivyo?

Sababu moja ni muziki, nyingine ni pesa. Klabu za watu weusi mijini Philadelphia, Newark, Harlem, Chicago na kwingineko zilikuwa baa za mtaani, jukwaa dogo, mapato ya wastani. Kinanda kiliondoa gharama ya mpiga besi na mpiga piano, na bado kilijaza ukumbi wenye kelele za glasi na maongezi. Klabu nyingi ziliweka Hammond yao wenyewe ili mpigaji aje mikono mitupu. Small's Paradise ya Harlem, ambako Smith alirekodiwa mbele ya hadhira mwaka 1957, ni mojawapo ya majina makubwa ya mzunguko huo.

Pasipokuwa na kinanda, ilibidi ubebe chako. B-3 pamoja na benchi na pedali ni takriban kilo 190, na Leslie bado. Ndiyo maana wapiga kinanda kadhaa wa enzi hizo walinunua magari ya kubebea maiti: marefu, yana sakafu tambarare, na mlango wake wa nyuma ni mpana.

Muziki nao ulitoka kwa wateja wa klabu hizo. Wengi wao Jumapili walikuwa kanisani, ambako Hammond hiyohiyo ilikuwa inaongoza ibada. Mwitikio wa kanisa, bluzi na bibopu vikakutana kwenye chombo kimoja, na hiyo ndiyo jazi ya soul.

B-3 inawashwaje? Nimebonyeza swichi, haitoi kitu.

Ina swichi mbili, ya kuanzisha na ya kuendesha, kwa sababu mota inayozungusha magurudumu haiwezi kuanza yenyewe; huanzishwa na mota nyingine ndogo. Shikilia ya kuanzisha kwa sekunde 8, usikie mvumo ukipanda. Ukiwa bado umeishikilia, washa ya kuendesha. Shikilia zote mbili sekunde 4 zaidi, kisha achilia ya kuanzisha, itarudi yenyewe. Subiri taa za kioo za amplifaya zilizo ndani (vali) zipate moto, ndipo usikie sauti.

Kama mvumo unapanda halafu unashuka ulipoachilia, mota haikushika mwendo. Rudia, ukishikilia muda mrefu kidogo. Ikishindikana mara tatu, acha. Kwa kawaida mafuta yamekauka, na kulazimisha kutaunguza mota ya kuanzisha.

Nikiagiza B-3 kutoka Marekani, itafanya kazi kwa umeme wa Kenya au Tanzania?

Transfoma peke yake haitoshi, na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Umeme wa Marekani ni volti 120 hivi kwa Hz 60 (mizunguko 60 kwa sekunde), wetu ni volti 230 hadi 240 kwa Hz 50. Transfoma hubadili volti, haibadili Hz. Mota ya Hammond huzunguka kwa kufuata Hz za umeme, hivyo kinanda chote kitashuka kwa uwiano wa 5 kwa 6, yaani zaidi kidogo ya nusu toni tatu. Utabonyeza C na kusikia A iliyolegea. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

Njia ni tatu. Tafuta kinanda kilichotengenezwa kwa Hz 50. Soma bamba la chuma nyuma ya kabati kabla ya kulipa. Au nunua kifaa cha kubadili Hz kinachotoa wimbi safi. Au tumia inveta ya wimbi safi ya volti 120, Hz 60, inayokula betri za sola, na iwe na nguvu ya wati 1,000 au zaidi kwa sababu ya mkupuo wa mota zinapoanza na mzigo wa Leslie.

Tahadhari kuhusu jenereta ya umeme: injini ikilemewa, Hz hushuka na kinanda hushuka nayo. Kutoka 60 hadi 58 tu ni takriban robo toni, na gitaa zote zitaonekana zimekosea. Inveta yenye betri haina ugonjwa huo.

Matunzo yake ni yapi?

Mafuta mara moja kwa mwaka, yale maalumu ya jenereta ya Hammond, yaani lile kasha la magurudumu ya sauti lililo ndani. Juu ya jenereta kuna vifaneli viwili, jaza kila kimoja robo tatu. Mafuta husafiri kwa nyuzi za pamba hadi kwenye kila beringi, ndiyo maana yanataka kuwa mepesi. Mafuta ya kupulizia bawaba au ya cherehani huganda ndani ya nyuzi hizo, na kuzisafisha ni kazi ya siku nyingi. Usijaribu.

Noti ikikatika kwenye droba moja lakini inalia kwenye nyingine, ni vumbi kwenye viunganishi. Gonga kitufe hicho haraka mara ishirini au thelathini. Mara nyingi hurudi. Noti ikiwa kimya kwenye droba zote na safu zote, tatizo liko kwenye jenereta, ita fundi. Ukanda wa pwani wenye hewa ya chumvi huharibu viunganishi upesi, hivyo funika kinanda na kiwashe angalau mara moja kwa wiki. Vinanda vya miaka ya mwisho ya uzalishaji vina sponji ndani ya safu za vitufe ambayo huoza na kula nyaya nyembamba. Kabla ya kununua, jaribu kila kitufe kwa kila droba, moja moja. Inachukua muda, lakini muuzaji mwaminifu atakuvumilia.

C-3 na A-100 ni tofauti na B-3?

Viungo vya ndani ni vilevile. C-3 ina kabati lililofungwa, lilipendwa makanisani. A-100 ina spika zake ndani, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Aina ndogo kama M-3 na L-100 zina vitufe 44 kwa safu na pedali chache fupi, hivyo besi ya mkono wa kushoto inabanwa.

Ninacho kinanda cha kidijitali cha kanisani. Naweza kukaribia sauti hii?

Ndiyo, vizuri tu, kikiwa na droba halisi au hata za kwenye skrini. Gawa vitufe kwenye C ya kati, kushoto uweke 83 8000 000, kulia 88 8000 000 na perkasheni. Zima uwezo wa vitufe kuhisi nguvu ya kidole, maana Hammond haina jambo hilo. Tumia pedali ya sauti inayopanda na kushuka. Kama kuna mpiga gitaa la besi kundini, nyamazisha besi yako kabisa. Wawili wakitembea chini pamoja hakuna atakayesikika.

Miaka yake ya mwisho ilikuwaje?

Miaka ya 1970 ilimkuta vinanda vya kielektroniki vimeingia, na klabu nyingi za zamani zimefungwa. Yeye na mkewe Lola waliendesha klabu yao huko Los Angeles. Mwaka 1987 alipiga solo ya kinanda kwenye "Bad" ya Michael Jackson, na miaka ya 1990 vijana wa hip-hop walikata vipande vya rekodi yake ya jukwaani ya 1972, *Root Down*, jambo lililomrudishia hadhira mpya. Taasisi ya taifa ya sanaa ya Marekani, NEA, ilimtunuku hadhi ya bingwa wa jazi mwaka 2005. Alifariki mwaka huohuo, tarehe 8 Februari, Scottsdale, Arizona.

Nikimaliza rekodi zake, nimsikilize nani?

Shirley Scott, naye wa Philadelphia, kwa droba za kiasi na kodi safi. Anastahili kusikilizwa mapema kuliko orodha nyingi zinavyomweka. Jack McDuff, ambaye bendi yake ilimlea George Benson. Jimmy McGriff kwa bluzi. Richard "Groove" Holmes kwa besi nzito kuliko zote. Larry Young kwa atakaye kusikia kinanda kikiondoka kabisa kwenye njia ya Smith. Na Joey DeFrancesco, aliyerekodi na Smith mwenyewe albamu ya *Legacy* iliyotoka 2005: humo utasikia mkono wa kushoto wa mwanafunzi na wa mwalimu kwenye nyimbo zilezile.